Msafara Usiopiga Honi

Ijumaa, tarehe 18 Desemba 2009, mzee Aloys Bigirimana atavua buti zake za mpira kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na minne katika shamba letu la farasi wa kifalme, Marlow, nje ya Sydney, Australia. Mimi Kasoki, mwenzake wa zizi la uzazi, nimepewa ukurasa huu nimsifu. Nitajitahidi nisitie chumvi nyingi.

Kwa wageni: shamba lilianza mwaka 1921, pale mfalme mmoja wa ng'ambo alipoleta Sydney kwa meli dume mmoja na majike watatu. Dume, Red Regent, alishinda mbio nyingi na kung'ata watu wengi zaidi. Jike Lady Almond ndiye aliyeacha uzao, na vikombe vyote vya kabati la ofisini ni vya wajukuu zake. Lakini kufikia mwaka 2007 damu hiyo ilikuwa imebaki kwa jike mmoja tu, Almond Grace: mzee, mkali, tena mwenye mimba.

Aloys alifika mwaka 1985 kutoka Bujumbura, alikokuwa akitunza farasi wa klabu. Wiki ya kwanza aliona nzi wanawasumbua majike, akafanya kama kwao wafanyavyo kwa ng'ombe: akawasha moto wa moshi mlangoni mwa zizi. Zizi limejaa nyasi kavu! Zimamoto walikuja na magari mawili. Mpaka leo tukichoma nyama ya Krismasi, hatumpi kiberiti.

Agosti 2007 mafua ya farasi yakaingia, na vicheko vikaisha. Lango likafungwa, anayetoka harudi. Mwanzoni mwa Septemba, Iteka, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Blacktown, kitongoji cha Sydney. Bwana harusi, Fiacre, alifanya kazi katika mazizi ya mjini ambako ugonjwa ulishaingia. Aloys akimpa mkono mkwewe kanisani, basi hamgusi tena Almond Grace. Na jike yule hakukubali mtu mwingine. Mimi nilijaribu, nikavunjika ubavu.

Mama Dévote, mkewe, alileta suti langoni. Ilining'inia wiki nzima karibu na hatamu. Meneja alimwachia Aloys achague mwenyewe. Hatimaye akampigia binti yake mbele yetu: "Mwanangu, sina namna. Huyu farasi haina mutu mwingine." Iteka akajibu, "It's fine, Papa," akakata simu. Mzazi yeyote wa huku anajua jibu hilo lina uchungu kiasi gani.

Jumamosi ya harusi, mchana, Almond Grace akalala chini. Mtoto alitanguliza mguu mmoja. Wa pili ulikuwa umekunjika ndani. Daktari wa mifugo, aliyekwama shamba jingine, alimwelekeza Aloys kwa simu niliyoishika mimi.

Ndipo nilipoona, kupitia mlango wa zizi, magari yenye riboni yakija barabarani. Nilihisi tumekwisha. Harusi ya Warundi bila honi umeiona wapi? Honi moja tu, na jike angeruka juu huku mkono wa Aloys uko ndani, na mtoto angekufa. Magari yakasogea polepole, moja baada ya jingine, kimya kabisa. Fiacre, mtu wa farasi, alikuwa amewakataza wote, na yeye mwenyewe alibaki garini, vioo amevifunga, asije akatuletea ugonjwa. Iteka akashuka na gauni lake jeupe, akashika uzio, hakuita.

Alisubiri. Mtoto akatoka, akapumua, akasimama kwa miguu inayotetemeka. Aloys, ovaroli imelowa damu, akatoka mlangoni, akainua mikono yote miwili na kumbariki binti yake kutoka mbali. Iteka akapiga magoti pale pale vumbini. Tulilia sote, hata meneja.

Mtoto yule alikuwa jike. Kwenye mbio ana jina refu la kifalme. Zizini tunamwita Iteka.

Mzee Aloys, asante kwa subira yako, kwa mikono yako, na kwa utani wako. Ijumaa hiyo farasi wote tutakuwa tumewahamishia malisho ya nyuma, mbali kabisa. Ukitoka langoni utakuta magari kutoka Blacktown na Mount Druitt. La kwanza ataliendesha binti yako, mjukuu wako akiwa kiti cha nyuma. Maisha yako ya nyumbani yawe marefu na matamu. Ziba masikio tu, mzee: honi za harusi ile bado wanazo, na safari hii hakuna wa kuwakataza.