Maganda ya Konokono, Futi Arobaini Chini

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha lori lililokwisha kufa, kimeegemezwa ukutani mbele ya kibanda cha fundi viatu, na kila alasiri asiye na hoja hapati pa kukaa. Mwenye kibanda wanamwita Meya, kwa kupenda kutoa amri. Pembeni yake hukaa fundi saa, Redio, huyo hazimwi. Wa tatu ni Futi, mchimba visima, mtu wa maneno machache aliyeshinda chini ya ardhi miaka ishirini na miwili. Siku hiyo alifika na vumbi hadi kwenye kope, akapokea kikombe chake cha kahawa, kisha akatoa mfukoni maganda matatu ya konokono, meupe, membamba kama kucha, akayaweka juu ya benchi.

— Umeanza uganga? akauliza Meya, huku akivuta uzi wa soli.

— Konokono wa majini hao. Nimewatoa futi arobaini chini, kwa mama.

— Kwa mama yako kule? Kule hata mjusi anatembea na kiu!

— Huko huko. Na jiwe la kusagia nimelitoa, limelika katikati. Watu walikaa pale, Meya. Palikuwa na ziwa.

Redio akaiweka chini saa aliyokuwa akiifungua. Alikuwa akitafuta mada tangu asubuhi.

— Sikilizeni. Jangwa la Sahara mnaloliona kwenye ramani lilikuwa majani matupu. Viboko! Mamba! Watu wanachora ng'ombe wao kwenye miamba. Mvua ikapungua, wakaswaga mifugo, wengine wakasogea mpaka mto Naili. Bila ukame ule, hakuna Misri ya mafarao.

— Kwa hiyo ukame ndio uliojenga piramidi, akasema Meya.

— Ulisogeza wajenzi, bwana!

— Basi mimi nasema zaidi. Ukame ndio uliozua serikali. Maji yakiwa mengi kila mtu na lake. Yakipungua mnapanga foleni, na foleni haiendi bila mtu wa kufoka. Huyo ndiye mfalme wa kwanza.

— Na viatu? akauliza Redio.

— Viatu ni joto! Ardhi iliwaunguza, wakavaa. Ustaarabu wote umeanzia kwenye unyayo, mlikuwa hamjaniuliza tu.

— Acha hizo. Kuna karne ambayo baridi ilikaza Ulaya, mito ikaganda. Mavuno yakaharibika, wenye njaa wakawageukia wakubwa wao. Na waliofungiwa ndani wakakosa la kufanya, wakaanza kuhesabu dakika. Ndipo saa zikazaliwa!

Wakacheka. Futi naye akacheka, ila cheko lake lilikatikia njiani.

— Na wewe mchimbaji? Meya akamgeukia. Unasemaje?

— Mimi naona waliohama tu. Nakuta vigae, majivu, mifupa ya samaki. Halafu juu yake, kiasi cha kiganja, hamna kitu. Hapa watu, hapa hamna watu.

Redio akapunguza sauti, jambo ambalo si lake.

— Tena wao mambo yaligeuka polepole, vizazi kwa vizazi. Sisi moshi wetu wa magari na viwanda unayakimbiza. Mama yako ameyaona yote kwa umri wake mmoja.

— Kisima je? akauliza Meya. Kimetoa?

Futi akatazama ndani ya kikombe. Alfajiri ile aliteremsha ndoo kwenye kisima cha nne alichochimba pale kwa mama, ikapanda na vumbi. Mama alikuwa amesimama ukingoni, masufuria yamesuguliwa na kupangwa ukutani. "Tayari, mwanangu?" Naye akajibu, "Bado kidogo, mama," akatoka mbio kuwahi gari. Njia nzima hakugeuka nyuma.

Kabla hajajibu, mdogo wake wa kike akatokea upande wa pili wa barabara, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado shingoni.

— Shikamooni. Kaka, mama amenipigia simu. Anasema umesema bado kidogo.

— Ni kikavu, akasema Futi. Nilishindwa kumwambia.

Dada hakumlaumu. Akaketi, akaokota ganda moja, akaligeuza kiganjani.

— Hawa ndio wa kwetu?

— Wa kwenu, akadakia Redio. Na waliokaa pale walihama, ndiyo hoja yangu...

— Walijuaje?

— Walijuaje nini, dada?

— Kwamba wakati umefika. Yaani siku yenyewe. Lazima kuna mtu aliamka akasema leo tunaondoka, na mwenzake akamwambia tungoje mvua moja tu. Walijuaje kwamba ule haukuwa mwaka mbaya tu, kama miaka mingine?

Redio akaiokota saa yake. Meya akatafuta msumari ambao alikuwa ameubana midomoni. Gari la mchanga likapita, vumbi likatua.

— Sijui, dada, akasema Redio hatimaye. Neno hilo halikuwahi kusikika kinywani mwake.

Futi akasimama, akajikung'uta suruali.

— Gari la mwisho ni saa kumi na moja. Inuka.

— Tunakwenda kumwambia ahame?

— Tunakwenda kumwambia kisima ni kikavu, akasema. Hilo lingine atalisema mwenyewe, na sisi tukiwa tumekaa naye.

Wakashika njia ya kituoni, dada akikimbia kidogo ili aende sambamba na hatua zake.