Deki ya Abdulhamid na Kaseti Zilizopelekwa Kufukuza Ndege

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Abdulhamid Ramazani anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu ya Rumonge kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba kimoja cha sauti. Mimi Hadjara, msoma habari, nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, na nikakumbushwa uwe wa kuchangamsha. Haya, nitajaribu. Nikishindwa mnivumilie, maana nimekaa jirani na mlango wake muda mrefu mno, siwezi kupakapaka rangi.

Alikuja kwetu akitokea sokoni, alikokuwa fundi wa redio, akakabidhiwa deki ya kaseti ya stereo ambayo wenzake walikuwa wanaiogopa. Ni ya Kijapani, nzito, uso wa rangi ya fedha, na ina sindano mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazorukaruka sauti inapopanda. Ndani ina vichwa vitatu: cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma. Deki nyingi zina viwili tu, kwa hiyo unarekodi mpaka mwisho ndipo ujue kama umeharibu. Hii ya kwetu inakusikilizisha palepale kile ambacho bandi, ule utepe wa ndani ya kaseti, imekwisha kukipokea. Ndiyo maana Abdulhamid aliweza kumkatiza mgeni rasmi katikati ya hotuba na kumwomba aanze upya bila kugongagonga meza. Mgeni alianza upya, tena kwa adabu.

Na masharti yake, jamani! Huu ni mji wa mawese, vidole vya kila mtu vina mafuta, naye hakukubali mtu aguse kaseti kabla ya kunawa kwa sabuni. Kundi la taarabu la Magara lilipokuja kurekodi, mpiga tari aliwekwa kwenye korido, mlango wazi, kwa sababu kila akipiga sindano zilikimbilia kwenye wekundu. Alinuna vibaya sana. Kisha wakachezewa kaseti: kodiani kushoto, mwimbaji katikati, tari ikitokea kulia kwa mbali, safi kabisa. Mwenyewe aliyenuna ndiye aliyeomba irudiwe. Sauti ya deki ile ni nene, inakaa kifuani, na ule mchakacho mdogo wa bandi nyuma yake tuliuzoea mpaka ukikosekana tunaona kuna kitu kimepungua.

Lakini kazi kubwa ya maisha yake ni kaseti za ukimbizini. Wakati wa vita, watu wetu waliokuwa makambini Tanzania walikuwa wanazungumza kwenye kaseti, wanampa mtu anayevuka ziwa, na kaseti inafika kwetu itangazwe. Wengi waliotumiwa hawakupatikana, kwani nao walikuwa wamekimbia. Kaseti zikabaki kabatini. Amani iliporudi, Abdulhamid akaanza kuwatafuta wenyewe mmoja mmoja, mpaka Gitaza, mpaka Bugarama, kwa baiskeli yake.

Sasa sikilizeni ufundi wake. Redio za makambini zilitumia betri zilizochoka, kwa hiyo bandi ilikuwa inajikokota wakati wa kurekodi. Ukiicheza kwenye mashine nzima, inakwenda mbio, baba mwenye ndevu anatoka na sauti ya mtoto. Deki yetu ina kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha mwendo, lakini kitufe hakijui baba huyo alikuwa na sauti gani. Basi Abdulhamid alimkalisha jamaa wa msemaji, ambaye mara nyingi alikuwa amekwisha kufariki, mbele ya deki, akawa anazungusha taratibu, jamaa anasema bado, bado, mpaka aseme hapo. Wengi waliposema hapo walikuwa tayari wanalia. Hapo ndipo alipoiingiza sauti kwenye kompyuta.

Mwaka jana uongozi ukaona anachelewesha mradi wa kuhamishia kaseti kwenye kompyuta. Abdulhamid akiwa Bujumbura anamuuguza mkewe, Latifa, kaseti zote zilizobaki zikahamishwa harakaharaka kwa kimashine cha bei rahisi, bila jamaa hata mmoja kuitwa. Kitufe cha kuondoa mchakacho kikabonyezwa kwa zote, ati zitoke safi. Kitufe hicho ni kizuri kwa kaseti iliyorekodiwa nacho. Isiyorekodiwa nacho, kinaondoa mchakacho pamoja na makali ya maneno, mtu anabaki anaongea kama amefunikwa blanketi. Halafu, kwa kuwa eti kila kitu kimehifadhiwa, kaseti wakapewa wakulima wa mpunga. Bandi ikivutwa juu ya shamba inavuma kwenye upepo na kumetameta, na ndege wanakimbia.

Aliporudi alikuta kabati tupu. Akaenda mashambani, akarudi na mfuko wa bandi zilizojikunja kwa jua na matope, akauweka juu ya meza ya mkurugenzi, akatoka. Mkurugenzi alisema ni maendeleo. Mimi nasema ni uvivu, na ninaona aibu kufanya kazi katika nyumba iliyofanya jambo hilo.

Kati ya waliokuwa wamekwisha kupatikana alikuwa Mama Kornelia wa Bugarama. Mumewe, Zabroni, alifia kambini, na kaseti yake ilikuwa kwetu. Mama aliomba amalize kwanza kuvuna maharage. Alipofika, kaseti zilikuwa zimekwisha kwenda mashambani; alinawa mikono bombani bila kuambiwa, akaketi. Abdulhamid akaipunguza mwendo sauti ile ya kwenye kompyuta. Bado, akasema mama. Akapunguza tena. Bado. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa maneno, wakarudi mwanzo, wakaenda tena, na hakusema hapo. Abdulhamid akamweleza ukweli: mwendo anauweza, lakini kilicholiwa na kile kitufe hakirudi, kaseti yenyewe haipo tena, na kosa ni letu.

Mama Kornelia aliomba arudishiwe pale mwanzo, mtu yule anapomwita. Akasikiliza, kichwa chini. Kisha akasema: "Huyu haiko Zabroni. Lakini anajua jina yangu. Munipatie tu." Abdulhamid akamwekea kwenye simu, akamsindikiza mpaka barabarani, na siku hiyo hakurudi kazini.

Papa Abdulhamid, murakoze cane, asante sana, kwa kila sauti uliyoirudisha kwa wenyewe. Tunakutakia mapumziko yenye afya, wewe na Mama Latifa. Deki unayokabidhiwa leo kama zawadi ya uongozi bado inacheza vizuri sana. Kaseti ya kukupa uweke ndani hatuna.