Mwavuli wa Shangazi Eugenia

Benchi la Shomari muuza kahawa liko pale Kisarawe mabasi ya Dar yanapopakia, na ukikaa hapo asubuhi utasikia nchi ikitawaliwa upya kabla kikombe chako hakijapoa. Mtawala mkuu ni Mashaka, tunayemwita Waziri, ingawa hata ubalozi wa nyumba kumi aliukosa. Mpinzani wake ni Gregori, Fundi Redio, ambaye nyumbani kwake kuna redio za watu wengi na nyingi bado hazisemi. Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka wa sabini na sita, alikuja Damiani mpiga picha na bahasha mkononi, amenuna. Alikuwa anasubiri basi aende hospitali mjini kwa mzee Bernard. Binti wa mzee huyo, Laurensia, alikuwa ameolewa kule Vihingo siku chache nyuma, baba yake yuko kitandani. Kesho yake mzee anapasuliwa, na alikuwa amemwomba Damiani kitu kimoja tu: auone uso wa mwanawe siku ya harusi.

Waziri: Lete tuzione. Hii nani?

Damiani: Bibi harusi.

Waziri: Mbona ni mwavuli?

Damiani: Yuko chini yake.

Fundi Redio: Chini yake ni giza tupu, bwana. Mlipiga saa ngapi?

Damiani: Mchana, wametoka kanisani, jua la utosi. Nilitaka asimame kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Pale mwanga umetulia, sura yote unaiona. Shangazi yake akakataa. Eti ukuta una vumbi, gauni litachafuka. Akafungua mwavuli.

Fundi Redio: Ungewasha flashi.

Waziri: Flashi mchana? Wewe nyumbani kwako unawasha kandili saa sita?

Fundi Redio: Sikiliza, Waziri. Mwavuli umeziba jua la juu. Flashi inaingia kwa chini, inamulika uso.

Damiani: Nilifanya hivyohivyo. Flashi ya kwanza nikampigia bwana harusi. Huyu hapa.

Waziri: Anang'aa mpaka kipara.

Damiani: Basi shangazi alipouona mwako ule, akasema radi hiyo itampofusha mtoto. Zamu ya Laurensia ikafika. Nikiinua kamera tu, shangazi anamtupia kanga usoni.

Waziri: Na ndani ya nyumba?

Damiani: Kanga.

Waziri: Hata wakati wa kulishana?

Damiani: Alilishwa chini ya kanga.

Shomari alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Waziri: Wewe nawe mzembe! Si ungemwambia yule mama asogee?

Damiani: Nilimwambia. "Shangazi, naomba usogee kidogo." Akanijibu, "Damiani, huyu nimekabidhiwa na kaka yangu. Likimpata la kumpata, nitajibu mimi, si wewe." Sasa wewe, Waziri, ungemjibu nini?

Waziri akapuliza kahawa yake. Shangazi siku hiyo ndiye aliyesimama mahali pa baba, mkono wa bibi harusi umo mkononi mwake tangu mlangoni kwao mpaka anapomkabidhi kwa wakwe. Huwezi kumwamuru ukabaki na adabu zako. Lakini Waziri hakosi wa kumlaumu.

Waziri: Kosa ni la hizo balbu za flashi. Zimetengenezwa Ulaya. Kule kuna baridi, mashangazi wamejifunga mablanketi, mpaka shangazi atoe mkono, picha imeshapigwa.

Fundi Redio: Wa kwetu mikono iko nje.

Waziri: Ndiyo maana zinatufelisha. Sasa sikiliza, Damiani. Mwambie mzee hizi ni picha za kijamaa. Hakuna anayejitokeza kuliko mwenzake.

Fundi Redio: Na bwana harusi?

Waziri: Huyo bepari, mchane.

Shomari: Kwa nini Laurensia mwenyewe asiende?

Damiani: Yuko Chole kwa wakwe, bado amewekwa ndani kama bibi harusi mpya, na leo gari la huko hakuna.

Waziri: Mdogo wake, Matilda, si yupo? Mvike gauni, mpige hapahapa.

Damiani: Picha isafishwe na nani, na basi hili hapa? Na baba hawajui watoto wake?

Fundi Redio: Basi mwambie dawa zimemwingia machoni, sura ipo ila yeye ndiye haioni.

Damiani aliirudisha picha kwenye bahasha kwa hasira.

Damiani: Nyie mnacheka. Yule mzee kesho anaingia kupasuliwa. Akitoka, vizuri. Asipotoka? Alinishika mkono, akasema, "Uso tu, Damiani." Na sina uso.

Aibu ilitushika. Wakati huo jua lilikuwa limeupita ukingo wa paa la duka na kuangukia benchi letu, na barabarani tukamwona mama mmoja anakuja na kikapu na mwavuli mweusi. Alikuwa Shangazi Eugenia.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, wanangu. Damiani, tunapanda wote. Nampelekea kaka uji. Mbona umekaa juani, mwanangu? Utaumwa kichwa.

Akafungua mwavuli, akamfunika Damiani.

— Hebu nizione hizo picha.

Damiani akampa. Shangazi akazitazama palepale kivulini, moja baada ya nyingine, taratibu, anatabasamu. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Tabasamu likamtoka.

— Mimi nimetoka vizuri, akasema. — Lakini mtoto yuko wapi?

Waziri akatazama ndani ya kikombe chake. Fundi Redio akakohoa.

— Damiani, kaka anamsubiri mtoto wake. Laurensia yuko wapi?

Basi likapiga honi. Damiani akachukua kikapu cha uji, wakaenda kupanda pamoja, na Shangazi hakuufunga mwavuli mpaka alipohakikisha Damiani ameingia ndani.