Fundi Evodio na Meno ya Muda ya Miaka Sita

Ijumaa, tarehe 30 Agosti, baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya meno hapa mjini Los Algodones, Meksiko, Don Evodio Camarena atavua aproni yake, na huenda sasa ikapata kufuliwa.

Aliingia mwaka 1991 akitengeneza meno ya kuvaa na kuvua. Vipandikizi, yaani skrubu zinazopandwa kwenye mfupa wa taya ili kushika meno, vilipokuja alivibeza, akasema skrubu ni za magari. Mwaka haukuisha, akawa hana mpinzani katika kugandisha meno ya muda ya akriliki, plastiki inayomiminwa ikakauka, kwenye vibomba vya chuma vinavyofungwa juu ya vipandikizi. Kila kibomba alikikwaruza kwanza ili akriliki ishike, na kila tundu la skrubu aliliziba kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Mimi niliyekaa naye meza moja nashuhudia kwamba hata mdomo wake ulistahili tepu hiyo, maana hakuna mchezo wa besiboli aliouacha bila kuusimulia.

Domo hilo ndilo lililomponza Abundio Lugo, mpiga tarumbeta. Jumamosi moja, miaka sita iliyopita, alikuja asubuhi kuwekewa meno ya muda. Jioni ileile binti yake alikuwa anaolewa, naye alikuwa ameapa kumpigia tarumbeta akiingia ukumbini. Don Evodio akaziba matundu matatu, simulizi yake ya besiboli ikafika pale mpira ulipovuka ukuta, na la nne akalisahau. Akriliki ikajaa tunduni, ikafunika skrubu, ikakauka. Meno yakawa hayatoki mdomoni, na yalikuwa bado hayajasawazishwa; kwa meno hayo tarumbeta haipigiki.

Katika mji huu fundi akiharibu husingizia unga wa akriliki, au joto. Dokta Ofelia Bustamante, mwenye kliniki, alikwisha kulitaja joto. Don Evodio akamkatiza.

"Si joto, daktari. Ni mimi na domo langu. Abundio, nisamehe. Kaa hapo, leo utapiga."

Kisha akanyamaza saa mbili nzima, tukadhani anaumwa. Alichokonoa akriliki kidogo kidogo hadi skrubu ikaonekana, akavunja jino moja, akalijenga upya, akagandisha tena. Jioni alisimama nyuma ya ukumbi na sahani ya nyama choma bila kuionja, mpaka sauti ya mwisho ya tarumbeta ilipotoka safi. Hapo akalia, akasingizia pilipili.

Meno yale yalikuwa ya kuvaliwa miezi minne tu. Abundio akakataa katakata kuwekewa ya kudumu. Kila Januari alikuja na jino lililomeguka, Don Evodio akalitengeneza huku akimtukana kwa heshima zote, kisha wakapiga soga la besiboli hadi tukawafukuza tufunge mlango. Sisi tulidhani Abundio anaogopa kiti cha matibabu.

Jumanne iliyopita alikuja mwenyewe, akaketi, akasema ya zamani yatolewe. Don Evodio akamuuliza kwa nini leo.

"We mzee, ningekubali tangu zamani, ningekuja hapa kwa lipi?"

 Don Evodio alimwekea meno ya kudumu, kazi yake ya mwisho, na safari hii hakusingizia pilipili.

Don Evodio, asante kwa kazi, na kwa kutufundisha kusema "ni mimi" kabla ya kuulizwa. Tutakukosa sana. Uwe na siku nyingi, zenye afya na furaha. Na ukitaka soga, njoo tu. Usingoje jino limeguke.