Korongo wa Mwalimu Elkana

Elkana: Haloo? Ofisi ya mazingira, Homa Bay. Nani huyo?

Irine: Mwalimu, ni Irine wa Rodi Kopany. Habari ya leo?

Elkana: Mzuri tu. Sema haraka, laini inakwaruza.

Irine: Ni juu ya sherehe yako ya kustaafu kesho. Watoto wa klabu ya mazingira hapa shuleni wamekutafutia zawadi.

Elkana: Si niliambia hedimasta asiwachangishe—

Irine: Hawakuchanga. Si unajua mgeni akiondoka huku anapewa kuku? Wakasema kuku ni mdogo kwako. Miaka ishirini na mbili, mwalimu. Wakaingia kule kwa matope—

Elkana: Kwa wale ndege, korongo.

Irine: Eeh. Wakashika wawili. Mmoja amekufa jana. Nilikuwa matangani Mfangano, nimerudi leo nikakuta wamemfunika na gunia.

Elkana: Sawa.

Irine: Huyu mwingine wamemfunga kamba mguuni.

Elkana: Sawa. Mfungue aende.

Irine: Wamemkata manyoya ya mabawa, mwalimu. Asikutoroke njiani ukimpeleka kwako Kegonga.

Elkana: (Sauti ya kiti kikisukumwa.)

Irine: Mwalimu? Uko? Naona aibu, hiyo klabu ni yangu. Nilitaka kuwachapa, lakini wako hapo nje wanafanya mazoezi ya nyimbo zako.

Elkana: Ni wale nilifundisha mwezi wa tatu?

Irine: Ndio hao. Ulivyowaonyesha pahali korongo wanalala, ndio maana waliwapata upesi.

Elkana: Mm.

Irine: Sema tu wewe ni mgonjwa. Mimi nitaeleza hedimasta.

Elkana: Siumwi. Sisikii kitu moyoni, Irine. Nimekufa ganzi tu. (Laini inakwaruza.) Nitakuja.

Irine: Utawaambia nini?

Elkana: Asante. Mtoto akikupa kitu mbele ya mzazi wake, unapokea.

Irine: Na halafu? Fanya haraka, shilingi zangu zinaisha—

Elkana: Manyoya huota tena. Itachukua mwaka, pengine. Nitafutie nyumba ya kupanga karibu na hayo matope, nikae naye mpaka aruke.

Irine: Hapa Rodi? Na mama, mkeo? Si ulisema anakungoja Jumamosi, ameshapaka nyumba chokaa?

Elkana: Ameningoja miaka hiyo yote. Nitamwandikia.

Irine: Mwalimu, hapana, huyo ni ndege tu—

Elkana: Wasimpe ugali, unasikia? Mtafutie panzi, na maji kwa karai pana. Na ile kamba, ilegeze ki—

Irine: Haloo? Mwalimu? Haloo?