Jamleck Mburu Mwaura na Morris Iliyokataa Gasketi Tatu

Jamleck Mburu Mwaura, ambaye tumekuja kumzika leo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1950 katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Ziwa Elmenteita, ambako baba yake, marehemu Mzee Mwaura, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alisimulia kwamba alitembea kabla ya kutimiza miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona ameketi mahali mpaka chai ikapoa.

Alianza shule mwaka wa 1958 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1965. Sekondari alisoma miaka miwili tu, kisha akaona darasa limekuwa dogo.

Mwaka wa 1971 aliajiriwa kwenye machimbo ya udongo mweupe ya Kariandusi, akawa mtunza stoo hadi alipostaafu mwaka wa 2005. Jioni alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi kama mtu aliyelala kwenye kinu cha unga. Kazi yake ilikuwa kutoa spea kwa namba. Ukimwendea na kipande mkononi ukisema, "Nataka kama hii," alikurudisha ukatafute namba kwanza. Katika duka la dada yake Wariara, ambaye anauza spea mjini Nakuru na ndiye aliyeandika maneno haya, mambo ni kinyume: leta ile ya zamani, tulinganishe. Kwa jambo hilo ndugu hao wawili walibishana miaka arobaini.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Waithera. Mpiga picha alilalamika kwamba bwana harusi hatulii. Picha iko ukutani hadi leo: bibi harusi anaonekana vizuri, na kando yake kuna ukungu uliovaa tai. Mwaka wa 1978 alinunua Morris Minor kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Kwa miaka arobaini na mmoja alimpeleka Waithera kanisani kila Jumapili kwa gari hilo, akipiga honi uani kabla mama wa watu hajavaa kiatu cha pili.

Juni 2019 gasketi iliungua, lile bati jembamba linalokaa kati ya bloku na kichwa cha injini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa injini hiyo kufunguliwa mikononi mwake. Kitabu cha gari kilisema injini ni ya cc 948, kwa hivyo aliagiza gasketi ya 948. Fundi Kimeli wa Salgaa aliifunga, ikaungua baada ya wiki moja. Mzee akaagiza nyingine, namba ile ile. Ikaungua. Ya tatu ilipoungua alimfukuza Kimeli mbele ya majirani, akasema hajui kukaza nati. Gari likawekwa juu ya mawe, na Waithera akaanza kwenda kanisani kwa bodaboda.

"Mburu, niletee hiyo iliyoungua niione," dada yake alimwambia kwa simu.

"Nikuletee takataka ya nini? Namba ninayo."

"Namba unayo. Gari je, unalo?"

Alikata simu.

Januari 2024 madaktari waligundua kwamba figo zake zimeshindwa. Mara mbili kwa wiki alilazwa hospitalini Nakuru, kwa muda wa saa nne kila mara, damu ikisafishwa kwa mashine. Kwa mtu kama yeye, kulala chali kulikuwa mateso makubwa kuliko sindano. Alisumbua wauguzi kwa swali moja: bado dakika ngapi? Alikuwa amemwahidi Waithera kwamba siku ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa atampeleka kanisani kwa Morris, yeye mwenyewe kwenye usukani. Kila wiki miguu ilizidi kuvimba na gari lilikuwa bado juu ya mawe.

Julai mwaka huu aliingia dukani kwa dada yake akiegemea fimbo, akaweka kwenye kaunta gasketi iliyoungua, imefungwa kwa karatasi ya mkate. Hakusalimu. Wariara alikwenda naye nyumbani na kipimo, akapima tundu za silinda.

"Hii ni 1098, Mburu. Tundu zake ni kubwa kuliko za 948. Ukingo wa gasketi yako unaingia ndani ya moto. Lazima iungue."

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu ni cha injini ambayo haimo humu. Ilibadilishwa kabla hujanunua gari, na hakuna aliyeandikisha."

Alizunguka gari mara tatu. Kisha akampigia Kimeli.

"Fundi, nilikukosea. Na nilikukosea mbele ya watu."

"Mzee, funga hiyo simu, nakuja."

Alituagiza tuyaseme hayo siku ya mazishi yake, mbele ya watu, nasi tumeyasema.

Gasketi ya 1098 ilipatikana Molo. Ijumaa tarehe 8 Agosti Kimeli aliikaza, injini ikawaka. Mburu aliletewa kiti, akakikataa. Alisimama ameshika mlango wa gari, anasikiliza. Kimeli alipotaka kuzima alimshika mkono: "Wacha kwanza." Iliunguruma hivyo mpaka petroli ikaisha. Alfajiri iliyofuata moyo wake ulisimama, akiwa nyumbani. Siku saba zilibaki kutimiza miaka hamsini ya ndoa.

Leo ni Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025. Waithera amekuja hapa kwa Morris, kwenye kiti chake kile kile, Kimeli akiendesha. Tumemwambia asiizime. Mkisikia mngurumo pale langoni wakati wa maombi, vumilieni.

Ameacha mke wake Waithera, watoto Mwaura, Cate na Maina, wajukuu saba, na dada yake Wariara, ambaye hana tena wa kubishana naye.

Mburu, Waithera amefika. Keti sasa, upumzike kwa amani.