Siku Sita za Dada Roi San

Wazee wa kanisa, majirani, nanyi mliovuka mto asubuhi hii kuja kuzika nasi, mimi ni Dashi Naw Li, mdogo wake marehemu, na karatasi hii aliiandika yeye mwenyewe ili niisome kwa kinywa changu, mimi nimeongeza tarehe ya kufariki kwake, shukrani na maneno yangu machache.

Dada yetu Dashi Roi San alizaliwa Kutkai tarehe 14 Machi 1968, akasoma hukohuko hadi 1985, akasomea uuguzi Lashio kuanzia 1986 hadi 1989, na tarehe 22 Aprili 1992 akafunga ndoa na Labya Zau Tawng, wakajaliwa mtoto mmoja, Gam Awng, tarehe 3 Oktoba 1993. Shemeji alikwenda machimbo ya jade, yale mawe ya kijani ya thamani, heroini ikamkuta huko, tukamzika mwaka 2003.

Tangu 2011 dada alihudumu kituo cha methadoni hapa Muse, dawa ya kunywa kila siku inayomtoa mtu kwenye sindano, na mwaka 2014, vituo vya pande mbili za mto huu wa mpaka vilipokubaliana kupokeana wagonjwa, yeye na muuguzi Yang Cuilan wa ng'ambo ndio waliotunza kadi za wagonjwa, zenye kisanduku cha kujazwa kila siku mtu anapokunywa dawa, kila mmoja akiuamini mwandiko wa mwenzake. Wagonjwa mnaikumbuka sauti yake dirishani: "Meza, halafu niambie umekula nini," asiwepo wa kuficha dawa mdomoni.

"Wali na dengu, sista!"

"Mwongo wewe, hata jana ulikula hivyohivyo."

Gam Awng naye alikuwa mgonjwa wake. Tarehe 9 Juni 2017 alikuwa Kutkai akimsaidia bibi yake kupanda mpunga, risasi zikafunga barabara, akakaa siku sita bila dawa, akitapika na kutetemeka, na heroini hakuigusa. Kila muuguzi anajua kwamba aliyekosa siku zote hizo huanzishwa upya kwa kipimo kidogo, maana mwili umeshaisahau dawa na kipimo kizima chaweza kuua, lakini kazi ya gereji ng'ambo ilikuwa ikimngoja Alhamisi, na kuanza upya kungemweka hapa wiki kadhaa. Dada akajiambia kijana ana nguvu, atahimili, akajaza visanduku sita kwa kalamu yake, kana kwamba siku zote sita alikunywa dawa.

Tarehe 15 Juni Cuilan aliisoma kadi, akampa kikombe kizima. Gam Awng alilala, na asubuhi ya tarehe 16 hakuamka.

Cuilan alisimamishwa kazi. Siku tatu baada ya mazishi dada alivuka mto, akasimama mbele ya wakuu wa pande zote mbili, akasema, "Huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyedanganya." Cuilan akarudishwa, dada akafukuzwa, na tangu hapo hakuna kadi inayovuka kabla wauguzi hawajapigiana simu. Dada aliendelea kuja kituoni kila asubuhi, kufagia.

Saratani ya ini iligunduliwa Machi 2019. Nilimsihi habari hii ya kadi tuiache, inaniuma mpaka sasa, naye akanijibu, "Naw, ukiruka mstari hata mmoja nitafufuka nikuchape." Alifariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2019, Cuilan akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani mliopika, na wagonjwa mliochimba kaburi kwa mikono yenu. Cuilan, usisimame huko nyuma, njoo ukae na familia.

Nawe dada, kuanzia tarehe 9 hadi tarehe 14 Juni 2017, siku sita, mtoto hakunywa dawa. Karatasi yako tumeisoma yote. Pumzika sasa kwa amani.